Uliza Fundi: Namba ya umeme ya nyumba sio ile ya kwenye mita

Mwezi huu nilipanga kuongelea hita za ukutani na jinsi zinavyokula hela lakini meseji zilizokuja nyingi zinazunguka kitu kimoja, namba, namba, namba. Wengi wenu mko Uingereza, wachache Ireland, na mmoja kaniuliza ya Tanga. Basi hita zisubiri kidogo.

*

Shikamoo mjomba Fundi. Mi niko Reading nafanya kazi ya kutunza wazee. Nimehamia flati mpya tarehe mosi mwezi uliopita, dalali kanipa funguo mbili na karatasi za kusaini basi, bili sina, kampuni ya umeme siijui, kuna barua inakuja imeandikwa "The Occupier" naiacha hapo mlangoni najua sio yangu. Saivi nataka kuhamia kampuni yenye bei nafuu, kwenye fomu wanataka kitu kinaitwa MPAN tarakimu 13. Nikafungua kabati nikapiga picha mita nikaandika ile namba iliyo chini ya bakodi, inakataa. Nimerudia mara nne. Mita mbovu au mi ndo sielewi?

Marahaba mpwa wangu. Mita yako haina ubaya wowote. Ila hiyo barua kaifungue leo leo, "The Occupier" ni we, maana yake mkaaji yeyote wa hapo, na mara nyingi jina la kampuni unayoitafuta limo humo humo kwenye bahasha unayoiruka kila asubuhi.

Sasa hii MPAN. Kosa ulilofanya wanalifanya karibu watu wote waliotoka nyumbani na wala sikulaumu, sisi tumekua na LUKU bana. Kwenye LUKU namba ya mita ndo kila kitu, tarakimu 11, unaiingiza kwenye simu unalipa inarudi tokeni ya tarakimu 20 unabonyeza, taa zinawaka. Kule TANESCO ndo mwenye nguzo, ndo mwenye mita, ndo anayekuuzia, kwahiyo namba moja inamtosha. Uingereza hii kazi wameikata vipande. Kuna mwenye nyaya, yani kampuni inayomiliki transfoma na waya uliofukiwa chini mpaka unaingia kwako, huyo humchagui, ukikaa eneo lake ndo wako. Halafu kuna muuzaji, anayekutumia bili, huyo unaweza kumwacha hata wiki hii. Na mita yenyewe inaweza ikawa mali ya mtu wa tatu kabisa ambaye anamkodishia muuzaji, we huwahi hata kusikia jina lake.

Ruhusa ya kila nyumba kujichagulia muuzaji ilifunguliwa kidogo kidogo kuanzia Septemba 1998 mpaka Mei 1999, na hapo ndo wakajikuta wanahitaji namba ambayo haitikisiki hata muuzaji akibadilika, hata mita ikang'olewa, hata mpangaji akahama usiku. Ndo hiyo MPAN. Ni namba ya pale umeme unapoingilia nyumbani kwako. Fikiria gari: namba ya mita ni namba ya injini, injini unaweza kutoa ukaweka nyingine, MPAN ni namba ya chesisi. Na namba ya akaunti yako kwenye kampuni hiyo ni kama stika ya bima tu, ukihama bima unaibandua.

Kwahiyo usihangaike na mita, MPAN kwa kawaida haijaandikwa pale. Pale kuna namba ya mita, mara nyingi ina herufi na tarakimu zimechanganyika, hiyo iweke kwenye simu utaihitaji ila sio inayoulizwa hapa.

Ipo wapi sasa? Kwenye bili. Usitafute juu kabisa ambako kuna kiasi unachodaiwa, shuka, au geuza ukurasa wa pili, au wa mwisho kabisa kwenye maandishi ya kusomea miwani. Utaona maandishi "Supply Number" au "MPAN", na kwenye bili nyingi kuna kisanduku chenye herufi S kubwa kushoto alafu mistari miwili ya vijisanduku. Mstari wa juu una vijisanduku vitatu, cha kwanza tarakimu mbili: 01 ni nyumba ya kawaida, 02 ni nyumba yenye bei mbili, ya mchana na ya usiku. Vinavyofuata vinahusu aina ya mita na upotevu wa umeme njiani, we viache. Mstari wa chini ndo wenyewe, tarakimu 13, kwa kawaida zimegawanywa mbili, nne, nne, tatu. Hizo 13 ndo fomu inazitaka. Ukiandika zote za juu na chini zinafika 21 na fomu itakugomea vilevile.

We bili huna, sawa. Mpigie dalali umuulize mambo mawili tu, muuzaji ni nani na MPAN ni ipi, wengi wanayo kwenye faili hawakumbuki kutoa. Akikuzungusha nenda kwa mwenye nyaya. Ingia tovuti ya Energy Networks Association uweke postikodi, inakwambia mwenye nyaya wa mtaa wako ni nani, kwa Reading ni SSEN, alafu unawapigia au unatumia tovuti yao, wao wana orodha ya kila nyumba, MPAN yake na muuzaji aliyesajiliwa hapo. Haina malipo. Usipige 105 kwa hili, 105 ni ya umeme ukikatika.

Na kitu kimoja ambacho hukuuliza. Toka tarehe mosi umeshakuwa mteja wa mtu, hata kama hujasaini popote. Sheria inahesabu kwamba una mkataba na muuzaji aliyekuwepo, kwa bei yake ya kawaida ambayo mara nyingi sio ya kukufurahisha, lakini mkataba huo hauna faini ya kuondoka. Kwahiyo leo ukirudi kazini piga picha mita, tarakimu zionekane vizuri na tarehe iwepo, mpigie huyo muuzaji umwambie nimeingia lini na mita inasoma hivi. Ulitakiwa upige siku ya kwanza ila ndo hivo. Usipofanya hayo yule aliyekaa kabla yako anaweza kukuachia umeme wake wa kupikia maharage na kupasha maji ya kuoga wiki nzima, na we ndo utaulipa. Ukishamaliza hapo ndo uhame, kuhama saivi kunachukua siku 5 za kazi, sio zile wiki tatu za zamani.

*

Habari kaka Fundi, niko Coventry. Mi MPAN ninayo kabisa kwenye karatasi, niliandikiwa na mama mwenye nyumba kwa mkono, nikiiweka inasema sio sahihi. Huyu mama ni mtu mzima na mwandiko wake ni wa shida. Itakuwa nini?

Nzuri kaka. Itakuwa mwandiko. 1 na 7 za wazee wa huku ni ndugu wa damu.

Ile tovuti haijaenda kutafuta nyumba yako popote, imepiga hesabu tu. Tarakimu ya 13 inatokana na zile 12 za mbele yake, ukikosea hata moja hesabu karibu kila mara inagoma. Na hesabu yenyewe unaweza ukaipiga mezani na chai yako, mwanangu huwa anaipenda. Chukua tarakimu 12 za kwanza, kila moja izidishe kwa zamu na hizi: 3, 5, 7, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43. Jumlisha yote. Gawa kwa 11 uangalie kinachobaki, hicho ndo tarakimu ya mwisho, na kikibaki 10 unaandika 0. Basi.

Mfano wa kubuni, 12 0012 3456 78 na bado moja. Moja mara 3 ni 3, mbili mara 5 ni 10, sifuri mbili hazina kitu, moja mara 17 ni 17, mbili mara 19 ni 38, tatu mara 23 ni 69, nne mara 29 ni 116, tano mara 31 ni 155, sita mara 37 ni 222, saba mara 41 ni 287, nane mara 43 ni 344. Jumla 1261. Kwenye 11 inaingia mara 114 inabaki 7. Kwahiyo namba kamili ni 12 0012 3456 787. Chukua ya kwako, pale penye wasiwasi jaribu 1 alafu jaribu 7, moja itakubali.

Na angalia mbili za mwanzo. We uko Coventry zinatakiwa ziwe 11, kwenye umeme mko eneo la East Midlands. Zile mbili ni za mwenye nyaya, kuanzia 10 mpaka 23, ziko 14 kwa sababu kabla ya kubinafsisha umeme kulikuwa na bodi 14 za mikoa, 12 za England na Wales na 2 za Scotland, bodi zimekufa miaka mingi ila mipaka yao imebaki kwenye bili yako. Leicester nao wana 11, Manchester 16, Leeds 23, Cardiff 21. London sehemu kubwa ni 12 ila ukisogea magharibi kule Ealing unakuta 20. Kama ya kwako imeanza na 74 basi mama kaanza na namba nyingine kabisa, labda namba ya simu ya fundi bomba.

*

Mjomba shikamoo. Sisi tumenunua nyumba mpya kabisa Milton Keynes, mtaa wenyewe bado kuna matope. Kila tovuti ya umeme nikiweka anwani inasema nyumba haipo. Umeme unawaka, bili haijaja mwezi wa tatu huu, mume wangu anasema tunyamaze tu tufurahie. Ushauri?

Marahaba, na hongereni kwa nyumba. Mwambie shemeji asinyamaze.

Nyumba yenu ipo, ila kwenye karatasi ina jina la utotoni. Mjenzi alipoomba umeme mtaa ulikuwa haujapewa jina na nyumba haikuwa na namba, kwahiyo MPAN iliandikwa kwa namba ya kiwanja, kitu kama "Plot 14", na kuna watu huwa wanasahau kuibadilisha baada ya anwani rasmi kutoka. Tafuta karatasi za mauziano, namba ya kiwanja imo. Kisha mpigie mjenzi muulize muuzaji wa umeme waliyemweka ni nani, huwa wanaingia mkataba na mmoja kwa eneo zima.

Msishangae pia MPAN yenu ikianza na 24 au zaidi ya hapo. Maeneo mengi mapya nyaya za ndani ya mtaa ni za kampuni ndogo zinazojitegemea, na hizo hazimo kwenye zile 14 za zamani. Tovuti ya postikodi inaweza kuwapeleka kwa mwenye nyaya mkubwa wa mkoa, na yeye akawaambia hii sio yangu. Msikate tamaa hapo, muulizeni ni ya nani, analijua hilo.

Anayeandika anwani ya kila MPAN ni mwenye nyaya, mtakapompata mwambieni aifanye iwe ya kweli, mpeni namba ya kiwanja, anwani mpya, na picha ya namba ya mita ili asichanganye na jirani. Kuhusu kunyamaza: kuna sheria tangu Mei 2018 kwamba muuzaji akichelewa kwa kosa lake hawezi kukudai umeme wa zaidi ya miezi 12 nyuma. Shemeji akisikia hivo atachekelea, lakini miezi 12 ya nyumba ya vyumba vinne ni hela, ikija kwa mkupuo mtauza sofa. Na kama mlijua na mkakwepa, hapo hoja ya kosa lao inaanza kulegea.

*

Fundi habari ya kazi. Leicester hapa. Tunakaa nyumba iliyogawanywa flati nne. Naishi peke yangu, sipiki sana, nashinda kazini, bili yangu ni kubwa kuliko ya familia ya watu watano wa juu. Kampuni wanasema mita haidanganyi. Nimeambiwa eti naweza kuwa nalipa mita ya mwenzangu, inawezekana kweli?

Inawezekana na mi mwenyewe imenikuta, kwahiyo ntakuchosha kidogo.

Nilikuwa nakaa kwenye nyumba kama hiyo yako. Mita nne zimepangwa chini ya ngazi pamoja na baiskeli na ndoo, hakuna hata moja yenye kibandiko. Nimelipa miezi minane. Mwezi Desemba nikaenda Tanga wiki tatu, nimezima kila kitu mpaka friji nimeiacha mlango wazi, narudi bili imekuja kubwa kuliko mwezi niliokuwepo. Hapo ndo nikashtuka. Fundi wa umeme mzima, napigwa na umeme wa jirani! Wa chini yangu alikuwa na hita mbili na tangi la samaki, na siku zote alikuwa ananisifia kwamba nyumba hii umeme wake ni rahisi sana.

Cha kufanya ni hiki na hakihitaji fundi. Mchukue mtu mmoja awe chini ya ngazi na simu, we uwe ndani. Zima meini swichi yako yote. Mita yako, ile ambayo namba yake iko kwenye bili, itulie. Mita nyingi za dijitali zina kataa kekundu kanakopepesa, umeme ukizimwa kanaacha kupepesa. Kama kanaendelea tik tik tik na we uko gizani, kuna mtu anakula kwako. Sasa washa meini swichi, washa birika la umeme tu. Birika la huku ni kama kilowati 3, na mita nyingi hupepesa mara 1,000 kwa yuniti moja, ukipiga hesabu inakuwa kama mara 50 kwa dakika, karibu kila sekunde. Yule wa chini aangalie ni ipi kati ya nne iliyoanza kuchachamaa. Hiyo ndo mita yako ya kweli. Pigeni video.

Alafu linganisha vitu vitatu: namba ya mita iliyochachamaa, namba ya mita iliyo kwenye bili, na MPAN. Kampuni wakisema mita haidanganyi wako sahihi kabisa, mita haidanganyi, kilichodanganya ni karatasi iliyosema mita hii ni ya flati ile. Siku nyumba inagawanywa mtu aliandika flati 2 badala ya flati 3, na hilo kosa linarithiwa na kila mpangaji anayekuja.

Waandikie muuzaji wako kwa imeili, sio simu, waambie unalalamika rasmi kwamba mita zimepishana, ambatanisha video na picha, taja MPAN. Wao ndo wanatakiwa kuchunguza na kuwasiliana na mwenye nyaya na muuzaji wa mwenzako. Wakikuzungusha wiki 8 zikapita unaenda Energy Ombudsman, yani msuluhishi wa malalamiko ya umeme na gesi, bure. Citizens Advice, shirika la kutoa ushauri bure, nao wana laini, 0808 223 1133, wanakusaidia hata kuandika. Mi hela yangu ilirudi ila baada ya imeili nyingi mno, na kampuni siitaji.

Na kaongee na mwenzako kabla hajapata barua. Huyo aliyekuwa anafaidi sio mwizi, naye hakujua, ila ataletewa bili ya nyuma na mnaishi ngazi moja.

*

Aberdeen hapa, baridi inatumaliza. Bili yangu ina MPAN mbili, zote zinaanza na 17. Ni kosa?

Sio kosa. Moja ni ya taa na soketi, nyingine ni ya zile hita nzito zinazojaza moto usiku. Scotland nyumba za hivo zipo nyingi. Unapohama lazima ziende zote mbili pamoja kwa muuzaji mmoja, fomu ya mtandaoni mara nyingi inabeba moja tu, kwahiyo we piga simu uwasomee zote.

Na uliza mita yako ni ya aina gani. Mita nyingi za hivo zilikuwa zinasikiliza redio, sio utani, ishara ya kuwasha hita usiku ilipandishwa kwenye mawimbi marefu ya BBC Radio 4, 198 kilohezi, na hiyo huduma ilianza kuzimwa kwa awamu kuanzia tarehe 30 Juni 2025. Kama hujabadilishiwa mita mpigie muuzaji wako wiki hii, hita isije ikawaka mchana kwa bei ya mchana.

Wenye sola juu ya paa mnaoniuliza kwanini mna namba mbili na nyie, ya pili ni ya umeme mnaoutoa nje kuuza. Msiiweke kwenye fomu ya kununua.

*

Fundi, we unasema MPAN, mi niko Dublin naambiwa MPRN. Rafiki yangu Birmingham anasema MPRN ni ya gesi. Nani muongo?

Hakuna muongo. Ireland MPRN ni ya umeme, tarakimu 11, inaanza na 10, mwenye nyaya ni ESB Networks, na gesi yenu inaitwa GPRN yenye tarakimu 7. Ukivuka kwenda Belfast ni MPRN vilevile ya umeme, tarakimu 11, ila ni ya NIE Networks. Ukivuka maji kuja Birmingham ndo MPRN inageuka kuwa ya gesi, tarakimu 6 mpaka 10. Wangeweza kukaa kikao kimoja wakapanga majina, hawakukaa.

*

Mjomba, jana kaja kijana mlangoni kavaa kitambulisho shingoni, anaongea vizuri, anasema anakagua kama tunazidishiwa bili, akaomba kuona bili yangu. Nikamwonyesha akapiga picha. Mke wangu kanuna mpaka leo. Nimekosea?

Mkeo yuko sahihi, ila hujauza nyumba. Alichokuwa anakitafuta ni MPAN na jina lako, kwa hivo viwili pamoja na anwani anaweza kuanzisha kukuhamisha kampuni akalipwa kamisheni yake. Hela benki hawezi kuchukua kwa namba hiyo.

Fanya hivi. Mpigie muuzaji wako wa saivi umuulize kama kuna ombi la kuhamishwa, na kama lipo mwambie hujaliomba. Ikija barua ya kukukaribisha kwenye kampuni usiyoijua usiitupe kwa hasira, ina tarehe, na una siku 14 za kughairi. Na hata zikipita, kuhamishwa bila ridhaa yako wana utaratibu wa kukurudisha ulikotoka, waambie tu hukukubali na hukusaini. Wakati mwingine hakuna hata tapeli, ni mtu wa flati ya 12A kaandika MPAN ya 12B, umehamishwa wewe na yeye amebaki pale pale anashangaa.

Kijana akirudi mwambie bili iko kwa mama, na mama kasafiri.

*

Kaka Fundi salama? Hii sio ya Uingereza, samahani. Mi niko Birmingham namnunulia mama umeme Tanga kila mwezi kwa ile namba ya LUKU niliyoisevu tangu zamani. Mwezi huu nimenunua, tokeni imetoka, mama anabonyeza mita inakataa. Anasema fundi alikuja wakabadilisha mita. Hela imepotea?

Salama, na Tanga ndo kwetu kwahiyo samahani ya nini.

Umeona sasa, hapa ndo injini na chesisi zinapotofautiana. Kwa LUKU hakuna chesisi. Tokeni inatengenezwa kwa mita moja tu, ile uliyoandika namba yake, mita nyingine hata iwe imefungwa ukuta ule ule itaikataa. Mita mpya ya mama ina tarakimu zake 11, mwambie mtoto wa jirani apige picha akutumie, na uifute ile ya zamani kwenye simu kabla hujarudia kosa. Ile hela, mama aende ofisi ya TANESCO na meseji ya tokeni, risiti, namba ya mita ya zamani na ya mpya, awaeleze kwamba tokeni haijaingia popote. Asiende na maneno matupu, risiti mtumie kwa WhatsApp sasa hivi.

Na aulize pia kuhusu kodi ya jengo, ile inayokatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021, mita mpya isije ikawa imeandikishwa vingine wakamkata mara mbili. Akiwa dirishani amtaje yule fundi alikuja tarehe ngapi, na kama alimwachia karatasi ya kubadilisha mita aibebe, watamwomba.